Maji Yaliyobaki

Jumamosi, saa nne usiku. Taa ya sola inafifia
na mahubiri ya kesho yana kichwa, hayana miguu.
Nimeandika "Neema", nikapiga mstari chini yake,
nikapiga wa pili,
kisha nikainuka kwenda kuangalia ndoo.

Ndoo mbili: ya kwetu, na ya kanisa.
Pampu ya Mitema imekufa tangu Jumanne,
na huku juu Mnyambe mwenye baiskeli ya madumu
hataji bei mpaka akuone umekauka midomo.
Kesho nina watoto saba wa kubatiza.
Nimepiga hesabu, Bwana, unisamehe:
nusu kikombe kila kichwa,
Baba kidogo, Mwana kidogo, Roho Mtakatifu matone.

Chuoni tulibishana wiki mbili,
kuzamisha au kunyunyizia,
na nje ya bweni bomba likivuja usiku kucha.

Perpetua amelala, mgongo amenigeuzia.
Amejua leo. Magunia mawili ya msimu ujao,
mikorosho ingali maua,
nimeshamuuzia mtu wa kangomba
nipate ada ya Eufrasia.
Mimi, niliyesimama mimbarini mwezi wa sita
nikaipigia kangomba kelele hadi mwenyekiti wa kijiji akakohoa.
Mnunuzi alinihesabia noti polepole.
Akaniita Baba. Akaomba nimwombee safari.
Nikamwombea.

Haya siwezi kuyasema kesho.
Au labda haya ndiyo ya kusema,
na ile "Neema" niifute.
Taa imezimika sijaamua.

*

Jumapili. Katekista Nachunga kaja na salfa kwenye nyusi;
kila akiitikia Amina anakohoa unjano.
Mtoto wa tano, mjukuu wa Mchopa, kanikojolea kanzu,
kanirudishia maji mengi kuliko niliyompa.
Sadaka: elfu kumi na moja na mia nne,
na kuku aliyefungwa miguu kwa kamba ya kiatu.
Mahubiri yalikuwa mafupi. Nilitamka "deni"
mara moja, nikamtazama Perpetua.
Akafungua kitabu cha nyimbo
ukurasa ambao hatukuwa tunauimba.

Baadaye, nikikunja stola,
Bi Somoe wa nyumba ya pili akasimama mlangoni.
Hajawahi kukivuka kizingiti hicho; ni mtu wa msikitini,
ingawa kaburi la mama yangu
wanawe ndio waliolichimba.
"Padri, hayo yaliyobaki unayamwaga?"

Kitabu kinasema yamwagwe ardhini,
mahali pasipokanyagwa na mguu.
Nikachungulia. Vikombe vitatu, labda vinne,
unywele mmoja wa mtoto ukielea.

"Nina mihogo jikoni haijaona maji," akasema.
"Na alasiri hiyo inakuja, sijatawadha.
Mungu wako hatanuna?"

Nikamwambia sijui.
Katika maneno yote niliyoyatoa wiki hii
hilo peke yake sikulikopa kwa mtu.

Akacheka, akaondoka na ndoo yenyewe.

Daftari la ubatizo lina safu ya jina, ya mzazi, ya mdhamini,
na moja pana, ya maelezo, ambayo sijui
mapadri walionitangulia waliiandikia nini,
maana wote wameiacha tupu.
Nimeishika kalamu juu yake muda mrefu.
Nimeandika tarehe tu.

Jioni ndoo imerudi.
Kaiweka kibarazani, hakubisha hodi.
Ndani, juu ya kifuniko cha bati,
vipande viwili vya muhogo, bado vya moto.
Perpetua kakata kimoja, kanipa nusu.
Hajanisemesha.
Tumekula tumesimama, chumvi tumesahau.
Pampu, wanasema, labda Alhamisi.